Mashindano au Ubingwa? Istilahi za Hoki ya Barafu ya Wanawake na Suala la Nani Awe wa Kwanza

Miongoni mwa maneno yanayoonekana mepesi kabisa kufasiri ni neno la kuhesabia: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mfasiri hulipita bila kusita, mwalimu hulisoma bila kulifafanua, na mtumishi wa serikali hulinakili katika taarifa yake kama alivyolikuta. Hata hivyo, kusema kwamba jambo fulani lilikuwa la kwanza ni kutoa hukumu ya kihistoria. Hukumu hiyo haisimami kwa tarakimu peke yake. Inasimama juu ya jina linaloandamana nayo. Jina likikosewa, hesabu nayo hukosewa, na pengine kazi ya watu kadhaa hufutika katika kumbukumbu bila mtu yeyote kukusudia.

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano mmoja ulio mbali na mazingira yetu, yaani mashindano ya hoki ya barafu ya wanawake yaliyofanyika Ottawa, Kanada, mwezi Machi 1990. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, habari za mchezo huu humjia mfasiri wa Kiswahili mara kwa mara, hasa wakati wa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, ilhali istilahi zake bado hazijatulia. Pili, katika mchezo huu swali la “nani wa kwanza” lina majibu matatu, na yote matatu ni ya kweli, ikiwa tu kila moja litapewa jina lake halisi.

1. Jina la mchezo wenyewe

Hapana haja ya kumweleza msomaji wa Afrika Mashariki hoki ni nini. Mchezo huu, ambao pia tunauita mpira wa magongo, umechezwa katika shule na vilabu vyetu kwa miaka mingi. Timu ya wanaume ya Tanzania ilishiriki Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na katika michezo hiyo hiyo wanawake wa Zimbabwe walitwaa medali ya dhahabu, mara ya kwanza kwa hoki ya wanawake kuingizwa katika Olimpiki. Kwa msomaji wetu, basi, neno hoki likitajwa peke yake humletea picha ya uwanja wa majani, magongo na kijipira kigumu.

Kwa Mkanada mambo ni kinyume. Kwake yeye neno hoki bila nyongeza yoyote ni mchezo wa barafu, na ni ule wa uwanjani unaohitaji nyongeza. Mfasiri aliyepewa habari kutoka Kanada atakuta neno moja tu, na akiliandika vivyo hivyo atakuwa amefasiri neno na kupoteza maana. Hapana budi aongeze sifa ambayo mwandishi wa asili hakuihitaji.

Nyongeza ipi ifaayo? Baadhi ya waandishi hutumia “hoki ya kwenye barafu”, wakihofu kwamba “hoki ya barafu” itaeleweka kama kitu kilichotengenezwa kwa barafu, mfano wa maji ya barafu. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Tunasema mpira wa meza wala hakuna anayedhani kwamba mpira huo umechongwa kwa mbao. Tunasema mpira wa kikapu na hakuna anayetafuta ukili. Kihusishi -a katika Kiswahili hubeba uhusiano wa aina nyingi, na mazoea ndiyo huonyesha ni uhusiano gani unaokusudiwa. Tunapendekeza hoki ya barafu, kwa kuwa ni fupi na imekwisha kuzoeleka. Neno magongo libaki kwa mchezo wa uwanjani, ili kila mchezo uwe na jina lake.

Yafaa pia kutenganisha barafu na theluji. Theluji ni ile inyeshayo na kulala juu ya milima. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Hoki hii huchezwa juu ya barafu, na siku hizi aghalabu ndani ya jengo, juu ya sakafu iliyopitishiwa mabomba ya ubaridi na kumwagiwa maji yakaganda. Kwa hiyo kuiita “hoki ya theluji” ni kosa.

2. Mashindano, kombe na ubingwa

Sasa tuliendee suala lenyewe. Tuseme mfasiri ameletewa sentensi isemayo kwamba Ottawa mwaka 1990 palifanyika shindano la kwanza la kimataifa la hoki ya barafu ya wanawake. Je, aiandike hivyo? Kabla ya kujibu, tutazame matukio matatu yaliyofuatana.

La kwanza ni la Aprili 1987. Chama cha hoki ya wanawake cha jimbo la Ontario, kikiongozwa na Bibi Fran Rider, kilialika timu kutoka nchi mbalimbali zije kushindana katika eneo la Toronto. Zilikuja timu za Marekani, Uswidi, Uswisi, Japani na Uholanzi. Wenyeji waliingiza timu mbili: moja ya Kanada na nyingine ya jimbo la Ontario. Timu hizo mbili za wenyeji ndizo zilizokutana katika fainali, na Kanada ikaishinda Ontario kwa mabao 4–0. Kombe lililoshindaniwa lilipewa jina la Bibi Hazel McCallion, aliyekuwa meya wa mji wa Mississauga na ambaye naye aliwahi kucheza hoki ya barafu katika ujana wake. Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu, lililoundwa mwaka 1908, halikuyaandaa mashindano hayo wala kuyapa cheo.

Tukio la pili ni la Aprili 1989. Shirikisho hilo liliandaa kwa mara ya kwanza ubingwa wa Ulaya wa wanawake katika miji ya Düsseldorf na Ratingen, Ujerumani Magharibi. Ufini ilitwaa ubingwa huo. Mashindano hayo ndiyo yaliyotumika kuchagua timu tano za Ulaya ambazo zingekwenda Kanada mwaka uliofuata.

La tatu ni la Ottawa, tarehe 19 hadi 25 Machi 1990. Timu zilikuwa nane: Kanada, Marekani, Ufini, Uswidi, Norwe, Uswisi, Ujerumani Magharibi na Japani. Safari hii Shirikisho lenyewe ndilo lililotoa cheo, na mshindi akaitwa bingwa wa dunia.

Msomaji ataona kwamba sentensi aliyopewa mfasiri wetu haiwezi kuachwa ilivyo. Shindano la kwanza la kimataifa halikuwa lile la Ottawa, maana nchi kadhaa zilikwisha kukutana mwaka 1987. Wala ubingwa rasmi wa kwanza uliohusisha mataifa haukuwa ule wa Ottawa, kwa kuwa Ulaya ilitangulia mwaka 1989. Ottawa ilikuwa ya kwanza kwa jambo moja mahsusi: ni ubingwa wa dunia wa kwanza uliotambuliwa rasmi katika mchezo huo kwa wanawake. Maneno manne, yaani ubingwa, dunia, rasmi na wanawake, yote yanahitajika. Ukiondoa moja, sentensi inakuwa si kweli.

Ugumu unatokana na mazoea yetu ya kutumia neno mashindano kwa kila kitu. Michuano ya vilabu vya mtaa ni mashindano, kombe la mkoa ni mashindano, na ubingwa wa dunia nao ni mashindano. Neno hili ni zuri na hatushauri liachwe. Lakini ni neno la jumla, mfano wa neno chombo ambalo laweza kuwa sufuria au jahazi. Panapohitajika kupambanua, tunapendekeza ngazi tatu zifuatazo.

Mashindano yawe jina la jumla la mkutano wowote wa timu ambao una utaratibu wa kumpata mshindi. Kombe liwe ni tuzo, na kwa kupanuka kwa maana, mashindano ya kuiwania tuzo hiyo. Ubingwa uwe ni cheo kinachotolewa na chombo kinachotambuliwa kuusimamia mchezo, na mashindano ya kukiwania cheo hicho yaitwe mashindano ya ubingwa.

Mfasiri anaweza kujiuliza maswali matatu ili ajue neno lipi lifae. Nani aliyetoa cheo? Nani aliyeruhusiwa kushindana, na kwa utaratibu gani? Je, cheo hicho kina mfululizo, yaani kimeendelea kuwaniwa na kurithiwa? Tukiyapima matukio yetu kwa maswali hayo, lile la 1987 ni mashindano ya dunia yaliyokuwa na kombe lake, lakini si ubingwa. Dalili iliyo wazi kuliko zote ni ile fainali kati ya nchi na jimbo lake yenyewe. Katika ubingwa wa mataifa jambo hilo haliwezekani. Lile la 1990 linajibu maswali yote matatu: cheo kilitolewa na Shirikisho, timu za Ulaya zilipata nafasi kwa kushindana, na cheo chenyewe kimeendelea kuwaniwa hadi leo, kuanzia Tampere mwaka 1992 na Lake Placid mwaka 1994.

Hapa pana tahadhari moja zaidi. Maneno “Kombe la Dunia” kwa msomaji wetu yamekwisha kuwa mali ya kandanda, na humfanya afikirie mara moja mashindano makuu na rasmi. Kwa hiyo tuzo ya 1987 ni afadhali iitwe kwa jina lake, Kombe la Hazel McCallion.

3. Kwa nini tofauti hii ni nzito

Huenda msomaji akauliza: je, huku si kuchambua mno? Nani wa Dodoma au wa Mombasa atakayedhurika mwaka 1987 ukichanganywa na mwaka 1990?

Jibu letu ni kwamba katika mchezo huu ubingwa haukushushwa kutoka juu. Wanawake wa Kanada walikuwa wakicheza hoki ya barafu tangu mwisho wa karne ya 19, ilhali mashindano ya dunia ya wanaume huhesabiwa tangu mwaka 1920. Tofauti ya miaka 70 kati ya cheo cha wanaume na cha wanawake haikutokana na kukosekana kwa wachezaji, bali na kukosekana kwa utambuzi. Mkutano wa 1987 uliandaliwa na wanawake wenyewe ili kuonyesha kwamba timu zipo, nchi zipo na watazamaji wapo. Baadhi ya nchi ambazo hazikuleta timu zilituma wajumbe kutazama. Miaka mitatu baadaye utambuzi ukapatikana.

Mfasiri akiandika kwamba mwaka 1990 ndipo wanawake wa mataifa mbalimbali walipokutana kwa mara ya kwanza, anawaondoa katika historia wale walioifungua njia. Akiandika kwamba ubingwa wa dunia ulianza mwaka 1987, anaficha ukweli kwamba walicheza bila cheo na kwamba walilazimika kukidai. Njia zote mbili zinapotosha, moja kwa kupunguza na nyingine kwa kuzidisha. Kiswahili kina maneno ya kutosha kuusema ukweli wote. Kinachotakiwa ni kuyatumia kwa mpangilio.

4. Istilahi za mchezo

Tukiisha kulipa tukio jina lake, tunakuta ndani yake istilahi nyingine zenye mitego yake. Tutazitaja zile zilizo muhimu tu.

(a) Kisahani. Hoki ya barafu haichezwi kwa mpira. Huchezwa kwa kipande cha mpira mgumu, mviringo na bapa, chenye kipenyo cha sentimita 7.62 na unene wa sentimita 2.54. Ubapa wake hukifanya kiteleze juu ya barafu badala ya kudunda. Kwa hiyo sentensi kama “aliupiga mpira ukatinga wavuni” si sahihi kwa mchezo huu. Wengine wamejaribu kutohoa jina la Kiingereza wakapata paki, lakini neno hilo limekwisha kutumika kwa kuegesha magari. Tunapendekeza kisahani. Ni kweli kwamba katika riadha kisahani ni kile kinachorushwa kwa mkono, lakini michezo hiyo miwili haikutani kamwe katika sentensi moja, na panapokuwa na shaka inatosha kusema kisahani cha hoki.

(b) Kuteleza. Katika matumizi ya kawaida, kuteleza ni jambo linalompata mtu bila hiari yake, na methali yetu huliweka karibu na kuanguka: kuteleza si kuanguka. Katika mchezo huu kuteleza ni ustadi. Mchezaji huvaa viatu vyenye kibapa cha chuma kilichonolewa na huenda kwa kasi kubwa kuliko mkimbiaji. Je, tutafute kitenzi kingine? Kuserereka hakifai, kwa sababu kina maana ya kuteremka kutoka juu. Tunaona heri kuteleza kibaki, na kupanuliwa maana: mtelezaji awe mwenye ustadi huo, na viatu vya kutelezea viwe chombo chake. Ajali nazo zisemwe kwa vitenzi vyake: alianguka, alipepesuka, alipoteza mizani.

(c) Kikumbo. Hili ndilo neno ambalo lugha yetu ilikuwa nalo tayari kabla ya mchezo kutufikia. Kupiga kikumbo ni kumsukuma mtu kwa bega au kwa kiwiliwili ili kumwondoa njiani, na hicho hasa ndicho kitendo kinachofanywa katika hoki ya barafu kumtenga mpinzani na kisahani. Istilahi hii ina uzito katika historia tunayoieleza, kwa kuwa vikumbo viliruhusiwa Ottawa mwaka 1990, na baadaye Shirikisho likavipiga marufuku katika mashindano ya wanawake. Mfasiri ajihadhari asiandike “rafu” au “madhambi” kila anapokutana na kitendo hiki. Kikumbo ni jina la kitendo. Madhambi ni hukumu ya mwamuzi. Kitendo hicho hicho kilikuwa halali Ottawa na hakikuwa halali katika mashindano yaliyofuata.

(d) Adhabu. Kwa mpenzi wa kandanda, penalti ni mkwaju unaopigwa mbele ya lango. Katika hoki ya barafu mchezaji aliyekosa kwa kawaida hutolewa nje kwa muda maalumu, aghalabu dakika mbili, na timu yake ikabaki na pengo. Kusema “Marekani ilipewa penalti” kutamfanya msomaji adhani kwamba Marekani imenufaika, kumbe imeadhibiwa. Tunapendekeza adhabu ya dakika mbili, na kadhalika kwa muda mwingine.

(e) Alama za mchezaji. Huu pengine ndio mtego mbaya kuliko yote. Katika hoki ya barafu mchezaji huhesabiwa alama moja kwa kila bao analofunga, na alama moja kwa kila bao alilolisaidia kwa pasi. Na wanaosaidia bao moja waweza kuwa wawili. Mchezaji wa Marekani Cindy Curley alimaliza mashindano ya Ottawa akiwa na alama 23 katika mechi tano. Mfasiri asiyejua utaratibu huu ataandika kwamba alifunga mabao 23. Ukweli ni kwamba alifunga mabao 11 na kutoa pasi za bao 12. Ili kuepuka mkanganyiko, tunapendekeza pointi zitumike kwa msimamo wa timu, na alama kwa hesabu ya mchezaji mmoja mmoja.

(f) Vipindi. Mechi ina vipindi vitatu, wala si viwili. Kwa hiyo “kipindi cha pili” hapa ni cha katikati, si cha mwisho, na “mapumziko” hutokea mara mbili.

5. Istilahi zikiwa kazini

Istilahi hupimwa kwa kutumiwa. Hebu tuieleze fainali ya Ottawa kwa maneno tuliyopendekeza.

Tarehe 25 Machi 1990 Kanada na Marekani zilikutana mbele ya watazamaji 8,784. Kabla ya hapo Kanada ilikuwa imezishinda timu za kundi lake kwa tofauti kubwa: Uswidi kwa mabao 15–1, Ujerumani Magharibi kwa 17–0 na Japani kwa 18–0. Ni Ufini peke yake iliyoitia hofu, maana nusu fainali ilimalizika kwa 6–5. Katika fainali Marekani ilitangulia kwa mabao mawili. Kanada ikasawazisha, kisha mlinzi Geraldine Heaney akampita mpinzani, akakituma kisahani wavuni na mwenyewe akaruka hewani baada ya kufunga. Picha za bao hilo zimeonyeshwa tena na tena tangu siku ile. Mchezo uliisha Kanada 5, Marekani 2. Mwenzake Angela James alimaliza mashindano akiwa na mabao 11. Ufini ilishika nafasi ya tatu baada ya kuishinda Uswidi kwa 6–3.

Msomaji atatambua kwamba maelezo hayo hayakuhitaji neno hata moja la kigeni ambalo halijazoeleka, wala hayakupoteza jambo.

Kuhusu yale mabao 18, yafaa tuseme neno. Wapo waliotazama matokeo hayo wakauliza kama kweli huo ulikuwa ubingwa wa dunia au ni mchezo wa nchi mbili uliosindikizwa na wengine. Sisi Watanzania tuna sababu ya kuwa wapole katika hukumu hiyo: mwaka 1980 huko Moscow timu yetu ya hoki ilifungwa na India mabao 18–0, hesabu ile ile. Hakuna aliyesema kwamba kwa hiyo ile haikuwa Olimpiki. Ubingwa hautokani na ulingano wa nguvu, bali na haki ya kushindania cheo kimoja kwa sheria moja. Na nguvu hubadilika. Uswidi iliyofungwa 15–1 mwaka 1990 ndiyo iliyoitoa Marekani katika nusu fainali ya Olimpiki ya Torino mwaka 2006.

6. Wanawake, akina mama, wasichana

Hatimaye tuwatazame wachezaji wenyewe na namna ya kuwataja. Kiswahili kina bahati: mchezaji, nahodha, mlinzi, mlinda lango na bingwa ni majina yasiyobagua mume wala mke. Mfasiri hahitaji kuunda umbo la kike la neno lolote. Lakini panapohitajika kutaja jinsia, kuna maneno matatu yanayogombea nafasi moja.

Akina mama ni neno la heshima, nasi tunalitumia katika mikutano na jumuiya. Hata hivyo, linamtaja mtu kwa uzazi wake au kwa umri wake, na mchezaji hakuitwa uwanjani kwa sifa hizo. Wasichana linafaa kwa timu za shule. Kwa timu za taifa huwashusha watu wazima wawe watoto. France St-Louis wa Kanada, mathalani, alikuwa na umri wa miaka 31 alipocheza Ottawa. Wanawake ndilo neno sahihi: halina dharau wala sifa ya ziada.

Kuna kanuni ya pili. Kumbukumbu nyingi za kigeni huandika “ubingwa wa dunia” bila kuongeza neno wakati zinapokusudia wanaume, na huongeza “wa wanawake” kwa wanawake tu. Kwa njia hiyo upande mmoja huwa ndio mchezo wenyewe na upande wa pili huwa tawi. Tunashauri mizani iwe sawa: katika habari moja, ikiwa wa wanawake umetajwa hivyo, basi na ule wa wanaume utajwe hivyo.

Jambo hili halikuwa geni Ottawa. Rangi za Kanada ni nyekundu na nyeupe, lakini katika mashindano yale timu ya Kanada ilivalishwa jezi za rangi ya waridi na nyeupe. Lengo lilikuwa kuvuta macho ya watu na vyombo vya habari, na macho yalivutwa kweli. Wapo walioona kwamba rangi ile iliwatangaza wachezaji kama wanawake kwanza na kama wawakilishi wa nchi yao baadaye. Mfasiri hana mamlaka juu ya jezi. Ana mamlaka juu ya maneno, na maneno nayo ni vazi.

7. Hitimisho

Kilichofuata baada ya Ottawa kinathibitisha uzito wa cheo. Mwaka 1992 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliidhinisha mchezo huu kwa wanawake, na mwaka 1998 ukachezwa Nagano, Japani, ambako Marekani iliishinda Kanada 3–1 katika fainali. Mwaka 2010 Angela James na Cammi Granato, waliopambana katika fainali ile ya Ottawa, wakawa wanawake wa kwanza kuingizwa kama wachezaji katika Jumba la Heshima la hoki huko Toronto. Wala mchezo wenyewe si wa ng’ambo tupu tena: uwanja mdogo wa barafu ulifunguliwa Nairobi mwaka 2005, na vijana wa Kenya wanaocheza humo wanazungumza Kiswahili. Lugha isipowatangulia kwa istilahi, wao wataitangulia lugha kwa maneno watakayoyaokota.

Kwa muhtasari, mapendekezo yetu ni haya:

hoki ya barafu: mchezo wa timu unaochezwa kwa magongo na kisahani juu ya barafu;
kisahani: kipande bapa cha mpira mgumu kinachopigwa katika hoki ya barafu;
mtelezaji: mtu mwenye ustadi wa kwenda juu ya barafu kwa viatu vya kutelezea;
kikumbo: kitendo cha kumsukuma mpinzani kwa kiwiliwili, kiwe halali au haramu;
adhabu ya dakika mbili: kutolewa mchezaji nje ya uwanja kwa muda huo;
alama: jumla ya mabao na pasi za bao za mchezaji mmoja;
mashindano: mkutano wowote wa timu wenye utaratibu wa kumpata mshindi;
kombe: tuzo, au mashindano ya kuiwania tuzo;
ubingwa: cheo kinachotolewa na chombo kinachotambuliwa kuusimamia mchezo.

Mapendekezo haya si amri. Wafasiri, walimu na watumishi walio na maneno bora zaidi, au walio na sababu ya kuyapinga haya, wanaombwa wayalete ili yajadiliwe. Jambo moja tu tungependa lisisahauliwe katika mjadala huo. Kabla ya kuandika “ya kwanza”, mfasiri na aulize: ya kwanza katika nini? Akilijibu swali hilo kwa uaminifu, wale wa 1987, wa 1989 na wa 1990 watapata kila mmoja haki yake.